Je, mtumishi wa umma hachangii pensheni yake?
Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai mtumishi wa umma hupewa pensheni bila kuchangia hata senti, ilhali wa sekta binafsi hukatwa kila mwezi. Tafadhali usiusambaze. Kwenye mfuko wa kuchangia, mtumishi hukatwa asilimia ya mshahara na mwajiri huongeza fungu lake, sawa na kwingineko. Angalia makato kwenye hati ya mshahara, kisha linganisha na taarifa ya mfuko; yasipoonekana huko, huenda mwajiri hajawasilisha (hutokea pande zote mbili).

Mkanganyiko una chanzo: mifumo mingi ya zamani ya serikali haikudai mchango, na baadhi ingalipo. Tena watu hulinganisha mshahara ghafi wa mmoja na wa mkononi wa mwenzake.