Jamani, mbwa aliyelala baada ya chanjo hana aleji

Wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu, "mbwa wangu ana aleji na chanjo", na ya tatu ndo imenishinda. Jirani yangu kampeleka mtoto wa mbwa wake wa wiki nane kuchomwa sindano asubuhi, jioni mbwa kalala. Basi. Hajavimba, hajatapika, hajikuni, kalala tu. Nikauliza aleji iko wapi hapo, nikajibiwa "si unaona alivyolegea?" na kwamba sindano ya pili haendi tena.

Aleji, au mzio, ni pale kinga ya mwili inapokosea: inakutana na kitu ambacho kwa wengine hakina neno, inakiona adui, inakivamia kwa fujo mpaka anayeumia ni mwenye mwili. Kulegea, homa kidogo, kususa msosi wa jioni, kuguta ukimgusa alipochomwa, hiyo siyo kinga iliyokosea, hiyo ni kinga iko kazini na ndo kazi uliyoilipia. Siku moja au mbili yanaisha. Kauvimbe kadogo kwenye ngozi kanaweza kukaa wiki kadhaa, usikaminye.

Sasa hili neno lenyewe. Watu wanadhani mzio ni tafsiri iliyotungwa juzi ya aleji, wapi. Mzio ni neno la zamani na maana yake ilikuwa karibu na mwiko, kitu hasa chakula ambacho mtu hali kwa sababu kinamdhuru au kakatazwa na mganga au na mila za kwao. Kwa hiyo kama pweza anakudhuru, zamani mzio ilikuwa pweza mwenyewe, siyo yale mapele yanayokutoka ukishamla, neno tulikuja kuligeuza baadaye. Na aleji nayo ina vituko vyake. Aliyeitunga ni daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1906, kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, allos yaani nyingine na ergon yaani kazi, kama kusema mwili umebadili namna ya kufanya kazi. Alikuwa ameona watoto waliodungwa dawa iliyotengenezwa kwa damu ya farasi, mara ya kwanza wanachukua siku kadhaa ndo waugue, mara ya pili wanaugua fasta. Na kwake yeye aleji ilikuwa mabadiliko yoyote, mazuri na mabaya, hata kinga inayoletwa na chanjo ilikuwemo humo. Kwa hiyo jirani yangu angekuwa Vienna mwaka ule ningemwomba radhi, ila tangu hapo dunia nzima imelibana neno likabaki na upande mbaya tu.

Halafu kuna kaka yake mkali, anafilaksia, yaani mzio wa ghafla unaoweza kuua, na neno hili limezaliwa kwa mbwa kabisa. Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walikuwa wanawadunga mbwa sumu ya viumbe wa baharini wakitegemea watajenga kinga. Mbwa mmoja, Neptune, dozi ya kwanza hakushtuka, baada ya wiki kama tatu akapewa tena kidogo tu, haikupita nusu saa kafa. Walitaka kinga wakapata kinyume chake, na hilo jina walilolitunga 1902 ndo linamaanisha hivyo. Richet akaja kupewa Nobel 1913.

Umeona kinachojirudia kwa wale watoto wa dawa ya farasi na kwa Neptune? Mara ya pili. Kwa kawaida mzio unataka mwili uwe umeshakutana na hicho kitu, ndo maana kwenye sindano ya kwanza kabisa ni nadra, siyo kwamba haitokei, ni nadra. Na mara nyingi mkosaji hata siyo kirusi cha kwenye chanjo, ni masalia ya protini za ng'ombe zinazotumika kuotesha virusi kiwandani. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2005, mbwa zaidi ya milioni moja na laki mbili, waliopata tatizo lolote ndani ya siku tatu ni kama 38 kwa kila 10,000, na hapo wamehesabiwa mpaka wa kulegea, mbwa wadogo wa umbo ndo walikuwa na hatari zaidi.

Mzio wenyewe ukija hauchelewi, ni dakika mpaka masaa machache. Uso unavimba, kope na mdomo vinajaa kama kaumwa na nyuki, mwili unatoka mabaka na anajikuna kama kichaa. Ukali ukizidi anatapika, anaharisha, fizi zinapauka, anaanguka, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi, rudi kwa daktari wa mifugo mbio, anahitaji adrenalini siyo maziwa. Ndo maana ni vizuri ukae pale kliniki nusu saa hivi baada ya sindano. Ajabu ni kwamba huyu wa uso kuvimba ndo utasikia watu wanasema "ah, chanjo hiyo inaingia", na yule wa kulala ndo anaitwa mgonjwa!

Na yule mbwa mtakayesikia kafa siku ya nne baada ya chanjo akiharisha damu, mara nyingi hiyo ni pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, alishaibeba kabla hajachomwa, msiisingizie sindano.

Kwa hiyo jirani, pole pole, wako hana aleji, alichoka. Mpeleke ya pili baada ya wiki tatu nne, aendelee hivyo mpaka afikishe wiki 16, maana kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuwa iliizima hiyo ya kwanza. Ukifika mwambie daktari "mara ile alilala sana". Sema alilala, usiseme aleji.