Si kila faili la askari liliteketea

Anayemtafuta ndugu aliyefia Vita Kuu ya Kwanza katika jeshi la Uingereza huambiwa mapema: usijisumbue, mafaili yote yaliungua. Kuungua kweli kulitokea. Septemba 1940 ghala la London lilipigwa mabomu, na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa kawaida yakapotea. Yaliyonusurika, mengine yameungua kingo na kulowa maji ya wazima moto, yalipigwa picha na yanasomwa hadi leo. Tena faili si njia pekee: kadi za medali zilisalimika, na shajara za vita, yaani daftari za kila siku za vikosi, huonyesha kikosi kilikuwa wapi siku aliyokufa. Ila shika namba yake ya jeshi pamoja na kikosi. Majina yanafanana mno.