Rock si majigambo matupu

Vijiweni Mwanga, hapa Kigoma, rock ikisikika kwenye spika lazima mtu aulize: "Hao wanagombana na nani?" Gitaa likiunguruma, basi mwimbaji keshahukumiwa kuwa anajitapa.

Dhana hiyo ndiyo kubwa, na inaanguka ukisikiliza maneno. "Help!" (yaani "Nisaidieni!") ya bendi ya The Beatles, ya mwaka 1965, inakwenda mbio na watu waliicheza kwa furaha. Baadaye John Lennon, mwimbaji wake, alieleza kwamba hakuwa anatania: umaarufu ulikuwa kileleni, yeye amenenepa, hana raha, anaomba msaada kwelikweli. Alilalamika hata kwamba waliirekodi kwa kasi mno ili iuzike. Mamilioni walikariri kilio cha mtu wakidhani ni shangwe.

Wengine husema unyonge ni wa nyimbo laini, wanaume wa rock nzito hawauthubutu. Bendi ya Metallica, ambao uzito wao hauna ubishi, walitoa "Nothing Else Matters" mwaka 1991. Mwimbaji wao, James Hetfield, aliitunga akiwa ziarani, amemkumbuka mpenzi wake, na hakukusudia bendi iirekodi.

Na ile ya kwamba huu ni muziki wa kumkana Mungu? Bendi ya U2 walichukua maneno ya Zaburi ya 40 wakatengeneza "40" mwaka 1983, na kwa miaka mingi wakafungia nayo matamasha. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 1976 aliandika "Somebody to Love": mtu kachoka na kazi, kapiga magoti, anamlalamikia Mungu kwa nini hana wa kumpenda. Sauti za nyuma zimepangwa kama kwaya ya injili. Mwanakwaya wa hapa mjini hahitaji kufafanuliwa.

Ila mashabiki nao wana dhana yao: kila anayeimba maumivu ni mnyenyekevu. Hapana. Wapo wanaotangaza kidonda ili wasifiwe, na kwangu hayo ni majivuno yaliyovaa kanzu nyeupe. Ukitaka kuona tofauti, sikiliza "Hurt" (yaani "Kuumia"). Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails aliitoa 1994. Mwaka 2002 Johnny Cash, mwimbaji wa country wa Marekani, akairudia, mzee wa miaka 70, mgonjwa, sauti inatetemeka, na pale wimbo unapotaja taji la tusi, yeye akaliondoa tusi akaimba taji la miiba. Reznor alipoiona video alikiri kwamba wimbo ule si wake tena.