Alianguka lini mara ya kwanza?

Swali hilo huwa nawauliza ndugu kabla sijamgusa mgonjwa, na karibu kila mara jibu huanza kwa kutazamana. Mke anasema ni mwaka jana, siku ile bafuni. Binti anasema hapana mama, kabla ya hapo baba aliwahi kuanguka kwenye ngazi. "Ile alijikwaa tu," mama anajibu. Hapo kwenye "alijikwaa tu" ndipo ninapotega sikio, kisha nauliza la pili: alianguka kifudifudi au chali?

Aliyejikwaa huangukia mbele. Wagonjwa ninaowazungumzia huanguka chali kama gogo, bila hata kunyoosha mikono kujikinga. Mtu kasimama, kageuka kuchukua kitu kabatini, mara yuko chini. Ukimuuliza kilichomwangusha hana la kusema.

Ugonjwa wenyewe hufupishwa PSP. Jina lake refu, nikilitafsiri, ni kupooza kunakozidi siku hadi siku, kunakotokana na hitilafu iliyo juu ya viini vya neva zinazoendesha macho. Ulielezwa mwaka 1964 na madaktari watatu waliokuwa Toronto: Steele, Richardson na Olszewski. Protini iitwayo tau, ambayo kwa kawaida huisaidia seli ya neva kushikilia umbo lake, hujikunja vibaya na kurundikana, hasa kwenye shina la ubongo na sehemu za ndani zinazoratibu mwendo. Huwapata watu kama 5 hadi 7 katika kila 100,000, wengi wao wakiwa wameshavuka miaka 60. Daktari wa kawaida anaweza kustaafu akiwa ameonana na wawili watatu, na huenda hakumtambua hata mmoja.

Kabla ya kufika kwangu mgonjwa huwa ameshazunguka. Amekwenda kwa daktari wa macho kwa sababu herufi zinamkimbia. Niliwahi kupokea mzee aliyekuja na miwani mitatu mfukoni, yote mipya, yote "haifai". Amekwenda kwa daktari wa masikio kwa sababu ya kizunguzungu, kwa wa mifupa kwa sababu ya magoti. Mwingine ameandikiwa dawa za sonona, maana uso umekuwa mkavu, hacheki wala hakasiriki. Siwalaumu wenzangu. Kila mmoja alitibu kile alicholetewa mezani.

Macho ya watu hawa yanaona. Shida ni kuyashusha. Ndiyo maana shati lina madoa ya mchuzi, ndiyo maana ngazi ya kushuka inatisha kuliko ya kupanda. Chumbani namwambia mgonjwa afuate kidole changu bila kugeuza kichwa. Kushoto sawa, kulia sawa. Chini, macho yanakwenda nusu ya safari na kukwama. Kisha nakishika kichwa chake kwa mikono miwili, namwomba aendelee kuitazama pua yangu, na nakilaza kichwa nyuma taratibu. Macho yale yale yaliyogoma yanateremka mpaka chini kabisa. Misuli ni mizima, neva zake ni nzima. Amri inayotoka juu ndiyo haifiki. Ndugu waliomo chumbani huwa wananyamaza hapo, kwa sababu wamejionea wenyewe.

Lakini dalili ikishakuwa wazi kiasi hicho, tumechelewa. Mwanzoni macho hufika chini vizuri, ila polepole. Mwambie mtu atazame kidole cha juu, halafu cha chini, haraka. Jicho la mtu asiye na ugonjwa huruka hata usilione likiwa njiani. La mgonjwa wa PSP unaliona likisafiri. Ni kipimo cha nusu dakika, hakihitaji umeme, na ndicho tunachokiruka.

Mimi mwenyewe nilikiruka. Alikuwa mwalimu mstaafu, amekakamaa, mzito wa mwendo, upande mmoja zaidi ya mwingine, na mkono ukitetemeka kidogo. Nikaandika Parkinson, ugonjwa mwingine wa ubongo unaokakamaza na kutetemesha mwili, na kumwanzishia dawa yake, levodopa. Akapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyonifumba macho kwa karibu miaka miwili. Ipo aina ya PSP inayojivika sura ya Parkinson miaka ya mwanzo, na hata dawa ya Parkinson inaiitikia kwa muda. Aina hiyo ilitenganishwa vizuri katika maandishi ya kitabibu mwaka 2005. Nilikuwa nimeyasoma. Ila kila alipokuja nilimpima mikono, nikamtembeza, nikarekebisha kipimo cha dawa, na macho nikayaacha kwa sababu foleni nje ilikuwa ndefu.

Watu huuliza kwa nini tusichukue damu tukamaliza ubishi. Hakuna kipimo cha damu kinachotaja PSP kwa jina. Picha ya MRI husaidia: kwenye picha inayouonyesha ubongo kwa upande kana kwamba umekatwa katikati, ubongo wa kati uliosinyaa huonekana kama kichwa cha ndege mvumaji, na wagonjwa nawaambia wamfikirie chozi mwenye mdomo wake mwembamba. Hata hivyo ndege huyo hana haraka, mara nyingi hujitokeza ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Uhakika kamili hupatikana kwa kuuchunguza ubongo chini ya hadubini baada ya kifo. Kwa hiyo tulicho nacho ni historia na macho yetu. Vigezo vya kuutambua ugonjwa huu vya mwaka 1996 vilitaka mgonjwa awe ameanza kuanguka ndani ya mwaka wa kwanza wa dalili. Vya mwaka 2017 vikaongeza hadi miaka mitatu. Unaona sasa kwa nini nang'ang'ania ile tarehe.

Tarehe hiyo hiyo ndiyo inayokungoja kwenye mlango wa majaribio ya dawa. Masharti hutofautiana, lakini sura yake inafanana: dalili zisiwe zimepita miaka kadhaa, mara nyingi mitano, mgonjwa aweze kupiga hatua chache kwa msaada mdogo, awe bado anaelewa vya kutosha kutoa ridhaa, awe na mtu wa kuandamana naye katika kila ziara, aweze kuingia kwenye mashine ya MRI. Sasa piga hesabu. Jina sahihi la ugonjwa huu mara nyingi hupatikana baada ya miaka mitatu au zaidi tangu dalili ya kwanza. Ukitoa tatu kwenye tano, ukatoa na miezi ya barua, rufaa na vipimo, kinachobaki ni kidogo, na ndani ya kidogo hicho mtu lazima awe bado anatembea.

Watafiti hawaweki masharti haya kwa ukatili. Maendeleo ya ugonjwa hupimwa kwa orodha ya maswali na vipimo yenye alama 100, na kwa wastani mgonjwa hupanda kama alama 10 kwa mwaka kuelekea ubaya. Dawa ya kupunguza kasi haiwezi kuonyesha kazi yake kwa mtu ambaye karibu kila kitu kimeshapotea. Naielewa hoja hiyo, na bado inaniuma.

Nilipomgundua upya yule mwalimu, palikuwa na jaribio linaloandikisha watu. Nikatuma faili. Likarudi: dalili zimezidi miaka mitano. Kumbe kwenye karatasi za zamani kuna mtu aliyeandika kwamba dalili zilianza na bega kukaza, bega ambalo mzee aliliumiza akibeba samani. Kusahihisha mstari huo mmoja kulichukua miezi mitatu. Alipoitwa kwa mchujo, hatua tano zilimshinda ya tatu.

Sisemi kwamba alikosa tiba. Dawa iitwayo davunetide ilijaribiwa kwa watu 313 kwa mwaka mzima, matokeo yakachapishwa mwaka 2014: haikufanya kitu. Mwaka 2019 majaribio mawili makubwa ya kingamwili dhidi ya tau yalisimamishwa kwa sababu hiyo hiyo. Familia nawaambia haya kabla hawajasaini, pamoja na habari ya plasebo, yaani dawa isiyo na kitu ndani, ambayo baadhi ya washiriki hupewa bila wao wala daktari kujua. Kuna wanaoghairi hapo hapo, na ni haki yao. Kinachonipa moyo kidogo ni mtindo wa kupima dawa kadhaa kwa pamoja zikitumia kundi moja la plasebo, hivyo wachache zaidi huangukia upande usio na dawa. Kwa ALS, ugonjwa mwingine wa neva, jaribio la HEALEY lilianza hivyo mwaka 2020.

Neno moja la pembeni, na nalisema kwa ukali: ukiona "jaribio" linakudai fedha nyingi ili uchomwe seli shina, ondoka. Jaribio halali halikuuzii dawa ambayo bado haijajulikana kama inafanya kazi. Litafute kwenye daftari la ClinicalTrials.gov, kisha mwonyeshe daktari wako, maana hata kuorodheshwa humo peke yake si cheti cha ubora.

Siku hizi ukurasa wa kwanza wa faili naandika tarehe tatu: kuanguka kwa kwanza, macho kuanza kusumbua, sauti kubadilika. Chini yake naandika nani aliyenieleza. Kuna ndugu wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama tarehe inaweza kusogezwa mbele kidogo ili mgonjwa apokelewe. Hapana, haisogezwi. Lakini inaweza kutafutwa vizuri zaidi, na simu za watu zimekuwa shahidi mzuri kuliko kumbukumbu zao.

Mwezi uliopita binti mmoja alikaa nje ya chumba changu akirudisha video za familia moja baada ya nyingine. Akarudi ndani na kunipa simu. Baba yake, kwenye sherehe, anataka kukaa: hajishushi, anajibwaga kitini kwa uzito wote mpaka miguu inanyanyuka, na watu wote wanacheka, naye pia. Tarehe ilikuwa pale pale juu ya video. Nikahesabu kwa vidole. Palikuwa pamebaki miezi minne. Nikachukua simu yangu na kuanza kupiga.