Chai ya kutwa, ubuyu na embe mbichi: maswali kuhusu meno

Chai yangu ina vijiko viwili tu vya sukari, naiweka kwenye chupa na kuinywa kidogo kidogo hadi saa kumi jioni. Kuna ubaya?

Upo, tena unatokana na huko kunywa kidogo kidogo. Ukoga, ule utando unaonata kwenye meno, umejaa bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi. Dakika chache baada ya funda la kwanza, pH juu ya jino (kipimo cha uchachu: ikishuka, asidi imezidi) hushuka chini ya 5.5, na gamba la nje la jino huanza kupoteza madini yake. Mate huizimua ile asidi na kurudisha madini, ila kazi hiyo huchukua kama dakika 30 hadi 60. Anayemaliza kikombe pamoja na chapati zake ameyapa meno mtihani mmoja. Anayeivuta chai hiyo hiyo kutwa nzima huwasha moto upya kabla mate hayajauzima. Kunywa chai ya sukari wakati wa chakula, uimalize. Saa zilizobaki ni za maji, au chai kavu isiyo na sukari.

Soda isiyo na sukari je?

Bakteria hawapati kitu, lakini asidi imo ndani ya kinywaji chenyewe: pH ya kola isiyo na sukari ni karibu 3, ya kawaida karibu 2.5. Jino huliwa taratibu, ncha hukonda, na umanjano wa ndani huanza kuonekana. Soda ya kawaida huleta hayo pamoja na kuoza. Kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai.

Nikila embe mbichi au ukwaju meno huingia ganzi. Nipige mswaki hapo hapo?

Usipige. Gamba limelainishwa na asidi, na mswaki utalikwangua. Sukutua kwa maji, usubiri nusu saa hadi saa nzima. Ganzi ya namna hiyo hupita yenyewe. Lakini jino moja likishtuka kila likiguswa na baridi au kitu kitamu, huenda lina tundu, na tundu dogo huzibwa. Likianza kukuamsha usiku bila sababu, mara nyingi uozo umeshafika kwenye kiini, na hapo ni kutibu mzizi au kung'oa.

Tende na ubuyu ni vitu vya asili, si ndiyo?

Ni vya asili, na sukari ya tende huozesha meno kama ile ya dukani, hasa nyama yake inaponasa kwenye mifereji ya magego. Tende tatu za kufuturu, kisha maji na chakula, si tatizo kubwa. Ubuyu wa rangi unastahili kuogopwa zaidi: unga wake wenyewe ni mchachu, umepakwa sukari, na kila mbegu humung'unywa dakika kadhaa. Mtoto mwenye kifuko kizima mfukoni ana asidi na sukari mdomoni mchana kutwa.

Tuko Arusha, meno ya mtoto yana mabaka ya kahawia. Ni peremende?

Huko, shuku kwanza madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji wakati meno yakijijenga, takribani hadi umri wa miaka 8. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani, floridi hukolea. Huchujwa kwa mkaa wa mifupa, au mtoto anyweshwe maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi. Angalia pia magadi ya kulainishia maharage, kwani baadhi yana floridi nyingi. Dawa ya meno yenye floridi msiiache: chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, na ateme badala ya kumeza.