Kilainishi ni nini, na unachaguaje kinachokufaa

Kilainishi ni jeli, maji mazito au mafuta yanayopakwa sehemu za siri ili ngozi iteleze juu ya ngozi badala ya kukwaruzana wakati wa kujamiiana. Wingi wake ni vilainishi. Wapo wanaosema "jeli" tu, na wapo wanaosema "mafuta ya kulainisha". Jina hili la pili limewaponza wengi, kwa sababu mtu akisikia mafuta huchukua chupa yoyote ya mafuta iliyo karibu. Nitalirudia hilo. Kwanza tuuangalie ute wa asili wa uke wenyewe, maana ukijua unatoka wapi, ile aibu ya kuuongezea huisha yenyewe.

Mwanamke anaposisimka, damu hujaa kwenye mishipa midogo inayozunguka uke. Shinikizo lake husukuma majimaji yapenye kwenye kuta za uke na kutokeza kama matone ya jasho, kisha matone huungana kuwa utando unaoteleza. Karibu na mlango wa uke kuna tezi mbili ndogo zinazoitwa tezi za Bartholin, kwa jina la mwanaanatomia wa Denmark aliyezieleza katika karne ya 17. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ute wote hutoka humo. Watafiti wa Marekani, Masters na Johnson, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1966, walionyesha kwamba sehemu kubwa hutoka kwenye kuta za uke, na tezi hizo huchangia matone machache tu.

Sasa kitu kinachotegemea damu na homoni lazima kitapanda na kushuka. Homoni ya estrojeni ndiyo inayozifanya kuta za uke kuwa nene na zenye unyevu. Hupungua baada ya kujifungua, hubaki chini mama anaponyonyesha, na hushuka sana hedhi inapokoma. Matibabu ya saratani yanaweza kuishusha pia. Dawa za mzio zinazokausha makamasi puani hukausha na huku chini. Baadhi ya dawa za sonona hufanya hivyohivyo, na kuna wanawake wanaougua ukavu wakitumia njia za homoni za kupanga uzazi. Hata siku za mzunguko hazifanani: kuna siku ute umejaa, kuna siku hakuna.

Ninaumia kila ninaposikia mtu akisema, "Amekuwa mkavu, basi hanitaki tena." Mwili na moyo haviendi mwendo mmoja siku zote. Mtu anaweza kutamani kwa dhati akabaki mkavu, na anaweza kulowa bila kutamani chochote. Jambo hili lina uzito kuliko kilainishi chenyewe: ukavu hauthibitishi kukosa mapenzi, na unyevu hauthibitishi ridhaa. Mwenza wako ndiye wa kuulizwa anataka nini, na jibu lake ndilo la kufuata.

Kinachotokea ute ukiwa mdogo ni msuguano. Msuguano huleta michubuko, mingine midogo isiyoonekana kwa macho, na michubuko ni mlango wa vijidudu vya magonjwa ya zinaa, virusi vya UKIMWI vikiwemo. Msuguano pia huchangia kondomu kupasuka. Tena mwili una kumbukumbu: ukiumia mara mbili tatu, misuli ya uke huanza kukaza kabla hujaguswa, na kukaza huko huongeza maumivu. Ndiyo maana nashauri kilainishi kitumike mapema, kabla maumivu hayajaanza.

Vilainishi hugawanyika kwa kile vilivyotengenezwa nacho: maji, silikoni au mafuta.

Vya maji ndivyo vilivyoenea zaidi. Ni maji yaliyozidishwa uzito kwa kitu kama selulosi. Vinafaa kwa kondomu za aina zote, havidhuru vifaa vya kujichua, na huoshwa kwa maji matupu. Kasoro yake ni kukauka katikati ya shughuli na kuanza kunata. Vikikauka si lazima uongeze jeli nyingine. Matone machache ya maji huirudisha ile iliyopo iteleze tena.

Lakini vya maji si vyote sawa, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Kuna kipimo kinaitwa osmolaliti, kinachoonyesha ni vitu vingapi vimeyeyushwa ndani ya jeli. Majimaji ya mwili yana kiasi cha 290 hivi (kwa vipimo vya miliosmoli kwa kilo). Jeli yenye kiwango cha juu mno hunyonya maji kutoka kwenye seli za ukeni au za puru (sehemu ya mwisho ya utumbo, juu ya njia ya haja kubwa), kama chumvi inavyonyonya unyevu wa kitu inachokigusa. Seli hunyauka na kubanduka, na ile ngozi laini iliyokuwa kinga hubaki imedhoofika. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kilainishi kisizidi 1,200, na kiwango bora ni kuwa chini ya 380. Vingi vilivyo sokoni vimepimwa na kukutwa vimevuka kiwango hicho, baadhi mara kadhaa.

Pakiti nyingi haziandiki namba hiyo. Dalili ya kutazama ni gliserini na propilini glaikoli, kwa kuwa ndizo zinazoipandisha. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo ukiona majina hayo yamekaa juu kabisa, karibu na maji, jua osmolaliti yake ni kubwa. Vile vinavyotangazwa kuleta joto mara nyingi viko kundi hilo. Mtu anayepata fangasi mara kwa mara au anayehisi kuwashwa baada ya tendo, mimi ningemwambia aanze kwa kubadilisha hapo: atafute kisicho na gliserini, kisicho na manukato wala ladha.

Jambo la pili ni asidi. Uke wenye afya wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa una pH (kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya kati ya 3.8 na 4.5, asidi inayotengenezwa na bakteria wema wanaoulinda. Kilainishi cha ukeni kinafaa kikaribie kiwango hicho. Puru haina asidi kama hiyo, kwa hiyo kilainishi chake kinafaa kiwe karibu na 5.5 hadi 7.

Vilainishi vya silikoni ni tofauti kabisa. Havipenyi kwenye ngozi na havikauki, hivyo kiasi kidogo hudumu muda mrefu, hata ndani ya maji. Wenye ngozi nyepesi ya kudhurika mara nyingi hupatana navyo vizuri, na kondomu za mpira wa lateksi haziharibiki navyo. Huhitaji sabuni kuvitoa mwilini, huacha madoa kwenye shuka, na tone likianguka sakafuni lifutwe mara moja kabla mtu hajateleza. Usivipake kwenye kifaa kilichotengenezwa kwa silikoni, kwani vinaweza kukiharibu uso wake.

Sasa mafuta. Mafuta ya mgando, ya watoto, ya nazi, ya kupikia, losheni: yote hayo hudhoofisha lateksi. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kuwa kondomu iliyokutana na mafuta ya madini, kama yale ya watoto, kwa sekunde 60 tu ilipoteza karibu asilimia 90 ya uimara wake. Sekunde 60! Na kwa macho utaiona nzima. Kondomu za poliisoprini nazo haziyawezi mafuta. Zinazoyahimili ni za poliurethani na za naitraili, na kondomu nyingi za kike za kizazi cha sasa ni za naitraili. Hata bila kondomu, mafuta ya mgando hukaa ukeni muda mrefu. Utafiti mmoja wa wanawake wa Los Angeles uliochapishwa mwaka 2013 uliwakuta waliokuwa wakiyatumia ukeni wakipata maambukizi ya bakteria mara 2.2 zaidi ya wasioyatumia. Kwa kujichua uume, au kumkanda mwenza mgongo, mafuta hayana neno, ilimradi kondomu ya mpira isifuate baadaye na mikono ioshwe.

Mate je? Hukauka upesi na yanaweza kubeba vijidudu kutoka kooni. Ni bora kuliko ukavu mtupu, lakini yasiwe tegemeo.

Kwa wanaojamiiana kwa njia ya nyuma, kilainishi si cha hiari. Puru haitoi ute wa kulainisha, na ukuta wake una tabaka moja tu la seli, huku uke una matabaka mengi. Chagua kizito cha maji chenye osmolaliti ndogo, au cha silikoni, na uwe mkarimu. Jeli zenye dawa ya ganzi ziepuke. Maumivu pale yanakwambia upunguze kasi au usimame, na ukiyazima utajeruhiwa bila kujua. Epuka pia zenye nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume, kwa sababu hujeruhi ngozi ya ndani, na ikitumika mara nyingi huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI.

Wanaotafuta mtoto wajue kwamba vilainishi vingi vya kawaida, na mate pia, hupunguza mwendo wa mbegu za kiume. Vipo vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili yao, vyenye pH ya karibu 7 inayofanana na ya shahawa.

Kukitumia hakuhitaji ufundi. Ukikinunua kipya, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, usubiri hadi kesho yake uone kama ngozi itawasha. Siku yenyewe mimina kiasi cha kijiko cha chai kwenye kiganja, kiache kipate joto la mkono, kisha paka kwenye mashavu ya uke, mlangoni, na kwenye uume au kifaa. Kwenye kinembe usipapite haraka. Kuna wanawake wanaogundua kwamba kuguswa kuliokuwa kukiwakera kumbe kulikuwa kukavu tu, na kidole kilekile kikilainishwa raha hubadilika kabisa. Ukivaa kondomu, tone moja ndani ya ncha yake humwongezea mvaaji hisia. Ukizidisha ndani itachomoka. Nje weka utakavyo. Kikipungua, simameni kidogo muongeze. Kuandaana kubaki palepale, kwa sababu jeli huondoa msuguano lakini hailegezi misuli wala haijazi damu kwenye mishipa. Kazi hiyo ni ya busu, mikono na subira.

Ikiwa ukavu upo hata siku zisizo na tendo, kama inavyowapata wengi baada ya hedhi kukoma, kilainishi hakitoshi. Kuna jeli za kutunza unyevu zinazowekwa ukeni kila baada ya siku mbili au tatu, na kuna krimu au vidonge vya estrojeni vya kuweka ukeni ambavyo daktari huandika. Na kama umelainisha vya kutosha bado unaumia ndani kabisa, unatokwa damu baada ya tendo, una harufu isiyo ya kawaida, au misuli inajifunga hata kidole hakipiti, nenda ukaonwe. Mwambie daktari panapouma ni mlangoni au ndani, maumivu yalianza lini, na kilainishi ulichojaribu ni cha aina gani. Maelezo hayo matatu humsaidia kujua aanze kutafuta wapi.