Bahari imekula ekari ngapi? Kanuni ya trapeza ufukweni

Ardhi inayoliwa na bahari haina umbo lenye jina. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako mmomonyoko ni habari ya miaka mingi, ukichora ufukwe wa kwenye picha ya anga ya zamani juu ya ufukwe wa leo, utaona mistari miwili iliyopinda, kila mmoja kivyake. Eneo lililo katikati yake utalipimaje?

Unalikata vipande. Chora mstari ulionyooka nyuma ya ufukwe, kando ya barabara tuseme. Kila baada ya mita 50 pima umbali hadi ufukwe wa zamani na hadi wa sasa. Tofauti ndiyo upana wa kilicholiwa hapo. Kati ya kipimo na kipimo inabaki trapeza, ile ile ya shule ya msingi: jumlisha pande sambamba, gawa kwa mbili, zidisha kwa umbali baina yake.

Tuseme (namba ni za mfano) umepata mita 6, 10, 14, 9 na 5. Kipimo cha kwanza na cha mwisho huchukuliwa nusu, maana kila kimoja ni upande wa trapeza moja tu, ilhali vya katikati ni vya trapeza mbili, nusu kwa kila moja: 3 na 2.5. Ongeza 10, 14 na 9, unapata 38.5. Mara 50, ni mita za mraba 1,925. Ekari ina kama 4,047, kwa hiyo imekwenda karibu nusu ekari.

Hesabu yenyewe nyepesi. Ugumu uko hapa: ufukwe unaishia wapi? Mchanga ukishuka mita 1 kwa kila mita 20, maji yakipanda mita moja tu mstari wake unasogea mita 20, kupita kipimo chetu kikubwa kuliko vyote. Linganisha picha ya maji kupwa na ya bamvua limejaa, utatangaza msiba ambao haujatokea. Ndiyo maana ni salama zaidi kuyaacha maji na kufuata mwisho wa majani, au ukingo ambapo mizizi ya minazi inaning'inia. Na msimu uwe mmoja, kwa sababu kusi na kaskazi huhamisha mchanga.

Maziwe, mkabala na Pangani, hata alama hiyo haipo. Kisiwa kilichokuwa na mivinje hadi miaka ya 1970 sasa ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hufunikwa.